Chura Anayebeba Maji

Siku hizi ukipita kwenye maonyesho ya kazi za mikono, au ukiperuzi tu Instagram, hutakosa kumwona: chura wa kijani, macho yamemtoka, tumbo limemeza chupa ya maji na mkanda mrefu umepita begani mwa mtu. Pengine si chura, ni twiga, nyuki au dubu. Watoto wanaenda nao shule, na watu wazima nao hawaoni haya. Ni kifuko cha chupa kilichofumwa kwa kroshia, basi. Lakini kila nikisikia mtu akiuliza, "Mbona bei kubwa hivyo kwa kauzi tu?", naona kuna historia ambayo hatujasimuliana.

Tuanze na maji. Ukitaka kwenda mbali na mto, lazima uondoke na kipande cha mto. Katika pango la Diepkloof, Afrika Kusini, wanaakiolojia wamepata mamia ya vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vyenye umri wa takriban miaka 60,000. Vimechongwa mistari kwa mpangilio, na vingine vinaonyesha dalili ya tundu lililotobolewa, ndiyo maana watafiti wanaamini vilikuwa vyombo vya maji. Hata katika karne zilizo karibu na sisi, Wasan wa Kalahari walihifadhi maji katika maganda hayo hayo, kila moja likichukua kama lita moja, na wakayabeba katika nyavu au mifuko ya ngozi. Yaani tangu zama zile mtu hakuridhika chombo cha maji kiwe chombo tu. Alikitia alama kiwe chake, kisha akakitafutia cha kukibebea.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu. Kiriba, kabla hakijawa utani wa kitambi, kilikuwa ngozi ya mbuzi iliyochunwa nzima nzima: shingo ndiyo mdomo wa kumiminia, miguu ndiyo mahali pa kufungia kamba. Mnyama ndiye alikuwa chupa. Mwaka 1973 mhandisi Mmarekani, Nathaniel Wyeth, alipata hataza ya chupa ya plastiki ya PET, ile nyepesi tunayoifahamu wote, na leo kiwanda kimoja hutoa maelfu ya chupa kwa saa. Chupa ikawa haina sura. Chura wetu wa uzi ni mnyama aliyerudi kuivaa.

Sasa tuje kwenye sindano. Neno kroshia asili yake ni Kifaransa, maana yake kulabu ndogo. Kazi hii kwa namna tunayoijua ilishika kasi Ulaya katika karne ya 19, na mahali ilipoandika historia yake nzito zaidi ni Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulivamia mashamba ya nchi ile. Hadi njaa inaisha, mwanzoni mwa miaka ya 1850, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni wamehama. Masista wa Ursuline huko Cork waliwafundisha wasichana kufuma lesi kwa kroshia, na katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, akaanzisha mafunzo kama hayo mwaka 1847. Mtaji ulikuwa mdogo: uzi wa pamba na sindano moja. Kazi iligawanywa nyumba kwa nyumba, huyu anafuma mawaridi, yule majani, mwingine anaunganisha. Lesi ile ilivaliwa na matajiri ambao hawakuwahi kulala njaa. Aliyeifuma alipata unga, kodi ya nyumba, na wengine nauli ya meli ya kwenda Marekani.

Hapa ndipo penye kiini cha bei. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, tena kabla ya umeme wala mvuke. Kufuma kwa sindano mbili kunaigika, kwa sababu vitanzi vimejipanga mstari mmoja na kila kimoja kinatendewa lile lile. Kroshia ni mkaidi. Kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, na kulabu inaweza kuingia popote kwenye kazi iliyokwisha kufumwa: mbele, nyuma, mstari wa chini, pembeni. Lazima kuwe na jicho linalotafuta tundu na kidole kinachopima mvuto wa uzi. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za kudarizi zilianza kutoa lesi ya kuiga, ikawaharibia soko wafumaji wa Ireland. Lakini ile ilikuwa darizi iliyovaa sura ya kroshia. Kroshia yenyewe, hadi leo, viwanda havijaimudu. Kila kipande unachokiona, hata kile kinachoning'inia kwenye duka kubwa la nguo, kimepita mkononi mwa mtu.

Sura ya mnyama imetoka Japani, kwenye sanaa iitwayo amigurumi, vikaragosi vya kufuma, ambayo ilienea duniani sana miaka ya 2000. Siri yake ni hesabu. Unaanza na mishono sita kwenye duara, mzunguko wa pili kumi na miwili, wa tatu kumi na minane, unaongeza sita sita hadi kitako kilingane na chupa. Ukiacha kuongeza, ukuta unasimama wenyewe kama kikombe. Baada ya hapo ni macho, mdomo, masikio, na mkanda uliokazwa vizuri, maana nusu lita ya maji ni nusu kilo na uzi uliolegea utavutika hadi chura afike magotini.

Kwetu Afrika Mashariki sindano hii si ngeni. Ilikuja na shule za misheni, ikaingia kwenye masomo ya sayansi kimu, kisha sebuleni: vitambaa vya makochi, cha redio, cha televisheni, cha kuwekea chupa ya chai. Mama zetu walifuma wakiwa wanapiga soga, na kwa kuwa mikono ilionekana kama inacheza, tukadhani kazi ile haina saa. Dhana hiyo ndiyo inayomponza binti anayeuza chura leo.

Hebu tupige hesabu ya kukisia. Tuseme kifuko kimechukua saa nane, kinauzwa shilingi 15,000, na uzi umekula 5,000. Zinabaki 10,000, yaani 1,250 kwa saa, kabla ya nauli na bando. Mteja akisema "nipunguzie elfu tano", hiyo elfu tano haitoki kwenye uzi. Na blauzi ya kroshia ya kweli ikiuzwa kwa bei ya sahani ya wali, ujue yupo mtu mahali fulani ambaye saa zake hazikulipwa.

Sisi wapenzi wa fasihi tunapenda kumsifu mwandishi kwamba amesuka visa vyake vizuri, na jina lake tunaliona juu ya jalada. Lesi nyingi za Ireland zilizomo kwenye makumbusho hazina jina la aliyezifuma. Chura wa mtaani kwetu naye hana. Basi ukimnunua, muulize muuzaji ni nani kamfuma na kamfuma kwa siku ngapi. Ukishajibiwa, ndipo mzungumze bei. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.