Pembetatu Mbili Mbele ya Kinsale

Mchana wa tarehe 7 Mei 1915, ukungu ukiwa umeshaondoka kusini mwa Ireland, Walther Schwieger, kamanda wa nyambizi ya Kijerumani U-20, aliona kwenye periskopu meli ya abiria yenye dohani nne. Ilikuwa Lusitania, ikitoka New York kwenda Liverpool. Chini ya maji, nyambizi yake haikuwa na mbio za kuifukuza. Ilibidi aitangulie na kuivizia.

Torpedo hailengwi meli ilipo, bali itakapokuwa. Ikiwa inakwenda mara mbili ya kasi ya meli na ina mita 700 za kusafiri, basi ifyatuliwe meli ikiwa bado mita 350 kabla ya mahali pa kukutana. Hesabu hiyo ni ya darasani. Kazi ni kupata kasi, umbali na mwelekeo wa omo, vyote kwa kukadiria kwa jicho, na vyote hubatilika meli ikigeuka.

Nahodha wa Lusitania, William Turner, naye alikuwa na pembetatu yake. Baada ya ukungu alitaka kujua yuko umbali gani kutoka rasi ya Old Head of Kinsale. Mabaharia huupima mnara wa taa ukiwa nyuzi 45 kutoka omo, kisha huenda moja kwa moja, kwa kasi ileile, hadi uwe nyuzi 90, ubavuni kabisa. Umbali waliokwenda kati ya vipimo hivyo ndio umbali wao na mnara. Njia hiyo haivumilii kupindapinda, na kupindapinda ndiko kunakobatilisha makadirio ya mwenye nyambizi. Turner aligeuza kulia, akashika mstari mmoja. Simlaumu: miamba aliijua, nyambizi hakuiona. Lakini mgeuko ule ndio uliomleta mbele ya Schwieger.

Saa 8:10 mchana torpedo moja ilipiga ubavu wa kulia, kutoka mita 700. Schwieger alikadiria kasi ya maili 22 za baharini kwa saa. Meli ilikuwa ikienda kama 18. Kwa sekunde 40 hivi za safari ya torpedo kosa hilo ni mita 80 hivi, na Lusitania ilikuwa na urefu wa mita 240. Ilizama kwa dakika 18. Watu karibu 1,200 walikufa.

Mwaka 1917 mchoraji Mwingereza Norman Wilkinson alipendekeza meli zipakwe mistari mikubwa iliyokatana, si kuzificha, bali kumkosesha mwenye periskopu makadirio ya mwelekeo wa meli.