Waovu wa filamu katika Dead by Daylight

Dead by Daylight ni mchezo wa video wa kutisha wa wachezaji wengi, uliotolewa mwaka 2016 na Behaviour Interactive ya Montreal, Kanada. Mchezaji mmoja huwa muuaji. Wanne huwa manusura wanaopaswa kutengeneza jenereta 5 ili malango yapate umeme, wafungue na kutoroka. Anayekamatwa hutundikwa kwenye kulabu ya nyama.

Wauaji wa mwanzo walibuniwa na studio yenyewe. Oktoba 2016 aliongezwa Michael Myers wa filamu ya *Halloween*, wa kwanza kutoka sinema. Uwezo wake umefuata tabia yake vizuri: husimama mbali akiwatazama manusura, na kadiri anavyowatazama ndivyo nguvu zake zinavyopanda. Baadaye walikuja Leatherface, Freddy Krueger, Sadako wa Japani na mwanasesere Chucky.

Kila mhusika wa aina hii huhitaji leseni ya mwenye haki, na leseni huisha. Kwa mfano, maudhui ya mchezo yaliyotokana na mfululizo wa televisheni wa *Stranger Things* yaliondolewa sokoni Novemba 2021, ingawa walioyanunua waliendelea kuyatumia. Yalirudi kuuzwa Novemba 2023.