Programu Huria au za Kulipia: Ipi Inafaa Duka Lako na Nyumbani?

Umenunua kompyuta ya mtumba, fundi akakuwekea Word na Excel kwa hela ndogo, mambo yakaisha. Wengi hapo wanadhani wamepata Office "ya bure". Hapana, hiyo ni kopi ya wizi, na wala si programu huria. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuisambaza programu yenyewe bila kuomba ruhusa. LibreOffice, Firefox na VLC ziko kundi hili. Hata simu yako, kama ni Android, inaendeshwa na Linux ndani yake, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991.

Kwenye Microsoft Office msimbo unabaki kwa kampuni, wewe unalipia leseni ya kutumia tu. Ukiwa na Microsoft 365 na malipo yakaisha, mafaili yako utayasoma lakini kuyahariri huwezi mpaka ulipe tena.

Sasa ile kopi ya wizi. Shida yake si sheria peke yake. Mara nyingi ili ikubali, fundi anazima antivairasi kwanza, halafu anaweka kitu ambacho hata yeye hajui kimetengenezwa na nani. Kwa steshenari inayopokea flashi za wateja kutwa nzima, hiyo ni hatari. Siku kirusi kikifunga mafaili, CV za watu, mitihani ya shule na orodha ya wadaiwa wako vyote vinakwenda.

LibreOffice ilianza 2010, ikitokana na OpenOffice. Na OpenOffice iliwahi kuongea Kiswahili: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili.

Inasumbua wapi? Kwenye mpangilio wa kurasa. Mteja analeta barua ya Word ya kurasa 2, ukiifungua zinakuwa 3, naye anakuona wewe ndiye umeiharibu. Mara nyingi ni fonti. Linux haiji na Calibri ya Microsoft, ndiyo maana LibreOffice ina Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Fonti nyingine zikikosekana, maneno yanasogea. Kwa kazi ya kuprinti tu, mwambie mteja alete PDF.

Excel yenye makro ni kesi nyingine. Zipo zinazokubali, zipo zinazogoma. Kama wewe ni mhasibu na makampuni yanakutumia mafaili ya aina hiyo kila wiki, lipia leseni halali, usijitese. Kwa barua, bajeti ya nyumbani, risiti na hesabu za duka, LibreOffice inatosha kabisa.

Ikiwa kompyuta yako ni ya Windows 10 na haikubali Windows 11, kumbuka msaada wa kawaida wa Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kujaribu Linux Mint kupitia flashi bila kugusa kilichomo kwenye mashine. Ukiridhika, hamisha mafaili yako kwanza, ndipo uiweke.

LibreOffice pakua kwenye libreoffice.org, si kwingine. Inazidi MB 300, hivyo tafuta Wi-Fi. Au mwombe jirani aliyenayo akuwekee kwenye flashi, hiyo ni halali.