Maji ya mvua na hori la Tudor: kazi huanzia Rabai

Hori la Tudor, linalotenganisha kisiwa cha Mombasa na bara upande wa kaskazini-magharibi, hupokea maji ya mito miwili, Kombeni na Tsalu. Kombeni ndio mkubwa. Hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita mraba 450 kule bara, na Tsalu takriban kilomita mraba 100. Ni mito ya msimu. Kiangazi hupungua, na masika yakiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, hushuka mwekundu kwa udongo wa mashamba ya watu. Udongo huo hauishii baharini mbali. Hutua horini, juu ya mizizi ya mikoko, na kina cha maji hupungua mwaka hadi mwaka.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia majumbani mwa watu mjini Mombasa, lawama zote zilienda kwa mitaro iliyoziba. Mitaro ina sehemu yake, lakini mtaro ni mwisho wa safari ya maji. Vikundi vya mitaa na vijiji vikitaka kuona tofauti, inafaa vijue maji yametoka wapi na kwa nini siku hizi yanafika kwa kishindo.

Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo hunywa maji upesi; ndiyo sababu wazee waliweza kuchimba visima karibu kila mtaa. Ukivuka kwenda Mikindani na Changamwe hadi kuelekea Mazeras, ardhi ni nyingine. Chini kuna mwamba wa tope lililogandamana, haunywi maji haraka, na ukifyekwa majani juu yake humomonyoka kwa mvua chache tu. Mteremko uliolimwa wima, kutoka juu kushuka, huwa kama mfereji uliochimbwa makusudi kupeleka udongo mtoni.

Mjini nako tumeziba midomo ya ardhi kwa mikono yetu. Uwanja uliokuwa mchanga sasa ni lami, saruji au kabro. Hesabu ni nyepesi: paa la mita mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10, hutoa lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Hiyo ni nyumba moja kwa mvua ya wastani. Mtaa wa nyumba 200 humwaga lita 200,000 barabarani, na njiani maji hayo hukokota taka, mafuta ya gereji na uchafu wa mashimo ya vyoo yaliyofurika, kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na vifungashio bado viko, na ndivyo vinavyoziba.

Kwa hivyo usafi wa mtaro ni wa lazima, ila ufanywe kikamilifu. Kosa la kila mwaka ni kuchota tope na kulilundika ukingoni pale pale, likarudi ndani mvua ya kwanza. Kabla vijana hawajashika sepetu, apatikane kwanza mwenye gari la kuliondoa. Pia ikumbukwe kwamba mtaro safi usio na kitu cha kupunguza kasi hupeleka taka na majitaka horini haraka zaidi. Wa mtaani amepona, mvuvi ndiye aliyeumia.

Dawa yenyewe ni kuyachelewesha maji pale yanapoangukia. Juu, katika mashamba ya Rabai na Kaloleni, njia zinajulikana na hazihitaji mtambo. Matuta ya fanya juu, ambayo sehemu nyingine za Kenya, hasa Ukambani, zimeyatumia kwa miaka mingi, huchimbwa kwa kukatiza mteremko: mtaro unachimbwa, udongo unatupwa upande wa juu, na juu ya tuta hupandwa majani ya kulishia mifugo ili mizizi ilishike. Fanya chini ni hivyo hivyo, ila udongo hutupwa upande wa chini. Kwenye makorongo yaliyokwisha chimbika, mawe hupangwa kukatiza mkondo, maji yatulie na yaache mchanga wake hapo. Muhimu ni kuanza juu kabisa kwenye korongo jembamba. Anayeanza chini, ukuta wake huondoka na gharika la kwanza.

Misitu ya kaya nayo tuitazame kwa jicho hili. Kaya za Mijikenda, zikiwemo za Rabai, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 kwa sababu ya mila. Lakini mti usiokatwa juu ya kilima pia huizuia mvua isipige udongo moja kwa moja, na wazee wa kaya wamekuwa wakiifanya kazi hiyo bila malipo tangu zamani.

Kando ya mto, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza ujenzi katika ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto na alama ya juu kabisa ya mafuriko. Chini ya sheria ya maji ya 2016, wakaazi wanaweza kuunda chama cha watumiaji maji na kushirikishwa katika utunzaji wa mto wao. Bila chama, malalamiko juu ya mchota mchanga hubaki ya mtu mmoja mmoja.

Kisha mikoko. Vikundi vya Mikindani na Tudor vimekuwa vikiotesha miche na kuirudisha horini, kazi ya kusifiwa, lakini haiwezi kusimama peke yake. Upande wa pili, hori la Mwache lilipata funzo chungu: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno ukafunika mizizi, na mikoko ikafa eneo kubwa. Mizizi ya mkoko na ya mchu hupumua juu ya tope. Ikizikwa, mti hukosa hewa. Kule Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unalinda hekta 117 na mapato yake ya kaboni yameleta maji ya bomba kijijini. Anayetaka kuiga Gazi huku Tudor ajue kwamba miche yake inategemea jembe la mtu wa Rabai.

Nyumbani, mkongwe wa mwambao ni jabia, birika la kukinga maji ya paa, ambalo Lamu na miji mingine ya kale ililijenga karne nyingi kabla ya tangi la plastiki. Msikiti au shule yenye paa kubwa ndiyo mahali bora pa kuanzia. Shimo la kuyazamisha maji ardhini pia linafaa kisiwani, ila lisiwe karibu na kisima wala choo, kwani matumbawe hupitisha uchafu upesi kama yapitishavyo maji.

Serikali ya kaunti haikwepeki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti mifumo ya maji ya mvua mijini. Lakini kalenda ya pesa haiendi na kalenda ya mvua. Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, masika yakiwa yamekwisha. Mwenye kutaka mtaro wa mtaa wake aingizwe humo, aende kwenye vikao vya kukusanya maoni vya mwanzoni mwa mwaka, akiwa na picha za mvua zilizopita na majina ya barabara zilizofurika, na adai kazi ikamilike kabla ya vuli ya Oktoba.