Jembe Bila Shamba: Waliotoka Kizuizini Walirudi Wapi?

Kila ninapofundisha historia ya Hali ya Hatari nchini Kenya, wanafunzi wangu huuliza mengi kuhusu kambi: nani aliteswa, nani alikiri, nani alifia Hola. Ni nadra kusikia swali ambalo kwangu mimi lina uzito uo huo: lango lilipofunguliwa, watu hawa walirudi wapi?

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kizuizini, wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Serikali ya kikoloni haikukosa mpango wa kuwarejesha uraiani. Thomas Askwith, aliyekabidhiwa kazi ya urekebishaji, alikwenda Malaya mwaka 1953 kujifunza jinsi Waingereza walivyofanya huko. Wazuiliwa wakapangwa kwa rangi: nyeusi, kijivu na nyeupe. Aliyekana kiapo chake alisogezwa hatua kwa hatua hadi kambi iliyo karibu na kwao. Kwa wakaidi, urekebishaji uligeuka kipigo. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kupigwa kambini Hola.

Lakini wakati dola ilipodai kusafisha mioyo kambini, huko nyumbani ilikuwa ikigawa ardhi. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa na kusajiliwa. Katika kamati zilizoamua mipaka, watiifu kwa serikali walikuwa na nguvu kubwa. Aliyekuwa Manyani hakuwa na sauti katika kikao cha kijijini kwake. Kisha sheria ya mwaka 1959 ikafunga mlango: usajili wa kwanza haukuweza kupingwa. Kinga hiyo ikarithiwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1963, iliyodumu hadi 2012.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyetoka kizuizini hakukosa nguvu za kushika jembe. Alikosa mahali pa kulima. Wengine wakawa vibarua kwa majirani waliopanuka walipokuwa wamefungwa, wengine wakaelekea Nairobi kutafuta riziki. Uhasama ambao kambi zilidai kuuponya ukapandwa upya mpakani mwa mashamba, ukarithiwa na watoto.

Najua nitaambiwa kwamba wale walikuwa wapigania uhuru, na mfungwa wa leo ni mwizi au mlevi aliyejeruhi mtu. Tofauti hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Walioumizwa nao wana haki ya kusikilizwa kabla ya kuombwa wampokee aliyewaumiza. Hata hivyo, kosa la dola ni lile lile: kumtazama mfungwa pekee, na kusahau mahali anaporudi. Tunamfunza useremala gerezani, kisha mwajiri anamdai cheti cha mwenendo mwema. Tunamwambia aende kwao, bila kuuliza kama nyumba yake bado ipo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotumikia umma, kazi ya kumrejesha mfungwa ianze siku anayoingia gerezani. Ilindwe ardhi yake, wasikilizwe jirani zake, waandaliwe watu wake. Tukingoja hadi siku ya kutoka, tutamkabidhi jembe na kumwacha njiani.