Mshauri Wetu Analipwa na Nani? Historia ya Ujira wa Siri katika Ununuzi wa Nyumba Marekani



Katika miji yetu, kijana anayetafuta nyumba ya kupanga au parseli ya kununua hukutana kwanza na komisioneri. Huyu humwongoza, humwonyesha na kumsifia mahali. Mwisho wa safari hudai ujira wake kwa mpangaji, na mara nyingine mwenye nyumba naye humtilia kitu mfukoni bila mpangaji kujua. Tumezoea jambo hili kiasi kwamba hatujiulizi tena: huyu anayetushauri, anamtumikia nani?

Swali hilo limeulizwa kwa uzito mkubwa katika nchi ya Marekani, ambako watu wengi hununua nyumba kwa mkopo. Jibu lake limepitia bungeni na mahakamani, nalo limegharimu fedha za watu wengi. Tutaisimulia historia hiyo hatua kwa hatua, kwa maana fundisho lake haliwahusu Wamarekani peke yao.

Jinsi nyumba zilivyoanza kununuliwa kwa mkopo

Kabla ya mwaka 1930, Mmarekani aliyetaka nyumba alipata mkopo wa miaka michache tu, naye alipaswa kutoa kwanza sehemu kubwa ya bei. Uchumi ulipoanguka, maelfu ya jamaa walishindwa kulipa na kufukuzwa katika nyumba zao. Ndipo serikali ilipoingilia kati. Sheria ya makazi ya mwaka 1934 iliunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, na mkopo ukaweza kulipwa polepole hadi miaka 20, baadaye hadi 30. Mwaka 1944 sheria nyingine iliwapa askari waliotoka vitani dhamana ya namna hiyo hiyo. Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1940 watu wa nyumba 44 hivi katika kila 100 walikuwa wakiishi katika nyumba yao wenyewe. Mwaka 1960 walikuwa 62.

Lakini kununua kwa rehani si kazi ya watu wawili. Yupo dalali wa nyumba, yupo mkopeshaji, yupo mthamini, yupo mwanasheria, tena lipo shirika la bima ya hati. Bima hii ina historia yake. Mwaka 1868, mahakama kuu ya jimbo la Pennsylvania iliamua kwamba mtaalamu aliyechunguza hati za mali na kukosea bila hila hakuwajibika kumlipa mnunuzi aliyepata hasara kwa sababu ya deni la zamani. Wanunuzi wakabaki bila ulinzi. Kwa hiyo, mwaka 1876, shirika la kwanza la kukatia bima hati za nyumba lilianzishwa katika mji wa Philadelphia. Lilikuwa wazo jema, lililozaliwa na hitaji la kweli.

Ushindani uliopinduliwa

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Mtu wa kawaida hununua nyumba mara moja au mbili katika maisha yake. Siku ya kutia sahihi anawekewa mbele yake rundo la karatasi asizozielewa. Hajui bima ya hati inapaswa kugharimu kiasi gani, wala hajui mkopeshaji yupi ni mwema kuliko mwingine. Wahenga walisema kwamba mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Basi humwuliza dalali au muuzaji: «Niende wapi?» Naye humwelekeza.

Mashirika yalitambua upesi kwamba kumpendeza mnunuzi hakuna faida kubwa, kwa kuwa si yeye anayechagua. Anayechagua ni yule anayeelekeza. Katika soko la haki, wauzaji hushindana kwa kupunguza bei na kutengeneza kazi. Katika soko hili walishindana kwa kumwongezea mwelekezaji zawadi: fedha taslimu, safari, chakula, ofisi ya bure. Na kila zawadi ilipaswa kulipwa na mtu. Mtu huyo alikuwa mnunuzi, ambaye ada zake zilipandishwa ili zitoshe kulisha mikono iliyofichwa. Hivyo ushindani, ambao huteremsha bei, hapa uliipandisha.

Sheria ya mwaka 1974

Malalamiko yaliongezeka. Mwaka 1970 Bunge la Marekani liliagiza idara ya serikali inayoshughulikia makazi, pamoja na idara ya askari wastaafu, wachunguze gharama hizo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1972, nayo ilionyesha kwamba ada zilitofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, na kwamba malipo ya kuelekezana wateja yalikuwa miongoni mwa sababu zilizozipandisha. Palikuwa na mashauri mawili. Wengine walitaka serikali iweke kikomo cha kila ada. Wengine walisema: mwacheni kila mmoja apange bei yake, ila mnunuzi aonyeshwe gharama zote mapema, na ujira wa siri upigwe marufuku. Bunge lilifuata shauri la pili. Rais Gerald Ford alitia sahihi tarehe 22 Desemba 1974, na sheria ikaanza kutumika Juni 1975.

Kiini cha sheria hiyo ni sehemu yake ya nane. Inakataza mtu yeyote kutoa au kupokea ada, zawadi au kitu chochote chenye thamani kwa mapatano ya kuelekezeana wateja katika ununuzi wa nyumba kwa mkopo unaohusiana na serikali kuu. Tuangalie uangalifu wa watunga sheria: hawakutaja fedha tu, wala hawakudai mapatano yawe yameandikwa. Adhabu yake inaweza kufika dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja, na mnunuzi aliyedhulumiwa anaweza kudai mara tatu ya ada aliyotozwa. Sehemu ya tisa inamgusa muuzaji mwenyewe: haruhusiwi kumlazimisha mnunuzi kuchukua bima ya hati kwa shirika alilolichagua yeye muuzaji.

Lakini sheria haikukataza ujira wa kazi. Mwanasheria aliyesoma hati alipwe. Mthamini aliyepima nyumba alipwe. Kinachokatazwa ni kuuza imani ya mtu. Anayefanya kazi ametoa jasho lake, na ujira ni haki yake. Anayeuza mwelekeo hakutoa kitu chake mwenyewe. Ameuza tumaini ambalo mwingine aliliweka mikononi mwake.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1983

Watu wenye akili ya biashara walijiuliza: ikiwa siwezi kulipwa na mkopeshaji, je, nikiwa mimi mwenyewe mwenye shirika la kukopesha? Mwaka 1983 Bunge liliruhusu jambo hilo kwa masharti matatu: mnunuzi aambiwe wazi uhusiano uliopo, asilazimishwe kulitumia shirika hilo, na mwelekezaji asipate kitu kingine isipokuwa faida ya hisa zake. Tangu hapo makampuni makubwa ya ujenzi yakawa na mashirika yao ya mikopo. Mjenzi humwambia mnunuzi: «Ukikopa kwetu, tutakupunguzia gharama.»

Tuchukue mfano wa hesabu, si wa kampuni fulani. Jamaa moja inahitaji mkopo wa dola 240,000 kwa miaka 30. Benki ya nje inatoza riba ya asilimia 6, nayo italipwa dola 1,439 kwa mwezi. Shirika la mjenzi linatoza asilimia 6.5, yaani dola 1,517 kwa mwezi, ila mjenzi anatoa zawadi ya dola 6,000. Zawadi inaonekana, inashikika, inapendeza. Tofauti ya dola 78 kwa mwezi haionekani sana. Hata hivyo, baada ya miaka sita na nusu hivi, zawadi yote imekwisha kurudi kwa mwenyewe. Jamaa ikikaa na mkopo huo hadi mwisho, itakuwa imelipa zaidi ya dola 28,000 juu ya ile riba nyingine. Zawadi ilikuwa chambo.

Haki inatudai tuwasikilize wajenzi pia. Wao husema kwamba mkopeshaji wao anaifahamu kazi yao, kwamba karatasi huenda upesi, na kwamba mara nyingine punguzo ni la kweli. Jambo hilo linawezekana. Jamaa ile ile, ikipata riba sawa pande zote mbili, itakuwa imefaidika dola 6,000 halali. Kwa hiyo wema au ubaya wa zawadi hautambuliki kwa kuitazama zawadi yenyewe. Hutambulika kwa kulinganisha, na kulinganisha kunahitaji ukweli wote. Mwaka 2008 serikali ilitoa kanuni ya kubana punguzo za namna hiyo. Chama cha wajenzi kiliipinga mahakamani, na mwaka 2009 serikali iliiondoa.

Mwaka huo huo ulionyesha upande wa giza. Kampuni ya ujenzi ya Beazer Homes ilikubali makosa katika shirika lake la mikopo: wanunuzi walitozwa fedha zilizosemwa kuwa za kuwapunguzia riba, na riba haikupunguzwa. Kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 50 za fidia.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa katika msiba wa mikopo ya nyumba ulioanza mwaka 2007. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini moja inaligusa somo letu. Wakopeshaji walikuwa wakiwalipa madalali wa mikopo zaidi kadiri walivyomletea mteja riba ya juu. Dalali aliyeaminiwa kumtafutia mteja mkopo mwepesi alipata faida kwa kumtwika mzito. Sheria ya mwaka 2010 ilipiga marufuku malipo hayo na kuunda ofisi mpya ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha.

Hata ofisi hiyo haikupata ushindi mwepesi. Mwaka 2015 iliiamuru kampuni ya mikopo ya PHH irudishe dola milioni 109, kwa madai kwamba iliwaelekeza wateja kwa mashirika ya bima ambayo nayo yaliipa biashara kampuni tanzu yake. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Washington iliitengua hukumu hiyo, kwa kuwa tafsiri ya zamani ya serikali iliruhusu mpango kama huo iwapo bei iliyolipwa ilikuwa ya haki kwa huduma iliyotolewa. Hivyo, baada ya zaidi ya miaka 40, wataalamu bado walibishana mpaka uko wapi. Sheria ni ukuta wa lazima, lakini kila ukuta una mwisho wake, na mwenye nia ya kuuzunguka hutafuta ulipoishia.

Na sisi je?

Kwetu Kongo, mkopo wa benki wa kununua nyumba ni wa wachache. Wengi hujenga polepole kwa fedha iliyo mkononi, matofali mwaka huu, mabati mwaka ujao. Lakini ujira wa siri hauhitaji benki. Huingia kwa komisioneri anayelipwa pande mbili, kwa mganga anayemtuma mgonjwa katika farmasi moja tu, kwa fundi anayemchagulia mwenye nyumba duka la saruji.

Huingia hata shuleni. Sisi tunaoandika haya tumefundisha miaka mingi, nasi hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka mmoja, mwenye duka la madaftari alituomba tuwaelekeze wazazi kwake, akaahidi kitu kidogo kwa kila mwanafunzi. Mshahara ulikuwa umechelewa, tukakubali. Tulijiambia kwamba madaftari yake yalikuwa mazuri, na kweli yalikuwa mazuri. Baada ya wiki chache mama mmoja, muuzaji wa mboga, alitujia na kusema kwa upole: «Mwalimu, nimeona madaftari hayo hayo sokoni kwa bei ya chini. Lakini nilinunua pale kwa sababu ni wewe uliyesema.» Hakuwa akilaumu. Hakujua. Neno hilo la mwisho lilituuma kuliko lawama yoyote, kwa maana lilitaja bei ya kile tulichokiuza. Tuliacha, lakini fedha ya mama yule hatukumrudishia kamwe, wala hatukumwambia ukweli. Deni hilo tunalo hadi leo.

Tangu siku ile tumejiwekea kipimo kimoja chepesi: ikiwa siwezi kumwambia ninayemshauri kwamba ninalipwa, na kiasi gani, basi malipo hayo si ujira, ni matabishi. Sheria ya Marekani, pamoja na kurasa zake nyingi, ilianza kwa wazo hilo hilo: mnunuzi aonyeshwe.

Kwa mazungumzo katika vikundi

1. Komisioneri anayelipwa na pande mbili, pande zote zikijua, anatenda kosa? Na upande mmoja usipojua?

2. Katika kazi au masomo yenu, ni nani anayewaamini kiasi cha kufuata neno lenu bila kuuliza? Mnaitunzaje imani hiyo?

3. Mshahara ukichelewa, nani anapaswa kubeba mzigo: mfanyakazi, mwajiri, au yule mama wa mboga? Tujadiliane bila haraka, na kila mmoja atoe mfano alioushuhudia mwenyewe, bila kutaja jina la mtu.