Habari za Kifafa katika Nchi ya Mahenge

Katika kijitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za misheni, za shule, na za makanisa yaliyojengwa kwa jasho la wazee wetu. Watasoma jinsi Kwiro ilivyoanzishwa na mapadre Wabenediktini mwaka 1902, jinsi Wakapuchini wa Uswisi walivyofika mwaka 1921, na jinsi jimbo la Mahenge lilivyoundwa mwaka 1964. Hizo ni habari njema, nazo yatupasa kuwasimulia watoto wetu. Lakini iko habari nyingine iliyokwenda pamoja nazo miaka yote hiyo, wala haikuchongwa katika jiwe la msingi la kanisa lolote, kwa kuwa ni habari ya watu waliofichwa. Ndiyo habari ya ugonjwa wa kifafa, na ya wazazi waliowatafutia watoto wao dawa. Twaiandika hapa kwa sababu watu wengi waijua nusu tu, na ile nusu waijuayo ndiyo iletayo hofu.

Ugonjwa huu si wa Mahenge peke yake, wala si wa Waafrika peke yao. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa mtakatifu, wakidhani kwamba miungu ndiyo imwangushayo mtu. Karibu miaka mia nne kabla ya kuzaliwa Kristo, katika maandiko yaliyohesabiwa kuwa ya mganga Hippocrates, iliandikwa kwamba ugonjwa huo hauna utakatifu kuyapita magonjwa mengine, ila asili yake imo ubongoni. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini halikusikiwa. Katika nchi nyingi za Ulaya wagonjwa waliendelea kuogopwa na kutengwa kwa karne nyingi. Tena katika Injili twasoma habari ya baba aliyemleta mwanawe, ambaye mara nyingi alianguka motoni na majini. Sisi makatekista tunapoifundisha sura hiyo vigangoni, hatuhitaji kuieleza sana. Wasikilizaji wetu wayajua makovu ya moto kwa macho yao.

Huku kwetu Upogoroni wazee walishika kwamba kifafa huambukiza. Waliyaogopa mate ya mgonjwa, na mkojo wake, na hata hewa imtokayo wakati wa kuanguka. Kwa hiyo alipewa sahani yake na kikombe chake, na mara nyingine kibanda chake mbali na nyumba. Alipoanguka karibu na moto, waliokuwapo walikimbia, wala hapakuwa na mkono wa kumvuta. Basi kovu lile halikuwa kazi ya ugonjwa peke yake, bali lilikuwa kazi ya hofu pia. Wengine walisema ni mizimu, wengine ni uchawi, na watoto wadogo wenye degedege walifukizwa moshi wa mavi ya tembo. Hata hivyo tusiwacheke wazee. Waliona kwamba katika nyumba moja alianguka mtoto mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wakaona kwamba vijiji vingine vina wagonjwa wengi na vingine wachache. Waliyoyaona yalikuwa kweli, ila maana waliyoitoa haikuwa sawa. Jambo hili tutalirudia mbele.

Sasa tutazame dawa ilikotoka. Mwaka 1857 Sir Charles Locock wa London, mganga wa Malkia Victoria, alieleza kwamba chumvi iitwayo bromidi ilikuwa imewapunguzia wagonjwa kuanguka. Ilisaidia, lakini iliwafanya wengi kuwa wazito wa akili, na ngozi zao zikatoka vipele. Mwaka 1912 daktari Alfred Hauptmann, huko Freiburg katika Ujerumani, alikuwa akiwapa wagonjwa wake dawa mpya ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Luminal. Akaona kwamba walioipokea hawakuanguka kama zamani. Dawa hiyo ndiyo fenobabitoni. Hauptmann mwenyewe, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, baadaye aliondoshwa kazini katika utawala wa Hitler, akakimbilia Marekani, akafa huko mwaka 1948. Katika miaka hiyo Hans Berger wa Jena alitangaza, mwaka 1929, chombo cha kuandika umeme wa ubongo wa mtu, na kwa chombo hicho ikaonekana wazi kwamba kifafa ni dhoruba ya umeme ndani ya kichwa. Mwaka 1938 Merritt na Putnam wa Boston wakaleta dawa nyingine, fenitoini.

Msomaji na ahesabu. Tangu 1912 hata 1960 ni miaka 48. Muda huo wote fenobabitoni ilikuwapo duniani, nayo si dawa ya ghali, na huku kwetu watoto walikuwa wakiungua mafigani.

Mwaka 1960 daktari mwanamke kijana, mzaliwa wa Norway, Louise Aall, ambaye baadaye aliitwa Jilek-Aall, alianzisha hapa Mahenge matibabu ya wagonjwa wa kifafa. Alikuta wagonjwa wengi kupita ilivyo kawaida ya nchi nyingine, na wengi wao wamefichwa. Hakuleta mashine wala jengo kubwa. Alileta vidonge, na daftari la kuandika majina, na desturi ya kumshika mgonjwa kwa mikono yake mbele ya watu wote. Tena aliandika habari za watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka kama mtu asinziaye, jambo ambalo wenyeji waliliita kusinzia kichwa. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Sudani ya Kusini na kaskazini mwa Uganda, na wataalamu wakayarudia maandiko ya Mahenge.

Kati ya mwaka 1963 na 1971 waliandikwa wagonjwa zaidi ya 200. Habari za 164 kati yao zilifuatwa kwa miaka mingi na daktari huyo pamoja na Daktari Rwiza, Mtanzania mwenzetu. Katika hao, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka walipokuwa wakitumia dawa, na zaidi ya theluthi walipata nafuu. Hiyo ndiyo furaha ya habari hii. Lakini hesabu ilipofanywa tena mwaka 1990, watu 110 katika wale 164 walikuwa wamekufa, na wengi waliuawa na mambo ya kifafa chenyewe: kuanguka kusikokoma, maji, na moto. Kwa maana dawa ya kifafa haifanani na dawa ya malaria, ambayo mtu humeza siku chache akaisha kazi. Hii humezwa kila siku, mwaka hata mwaka, na ikikatika ghafula ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza.

Nasi tunalijua jambo hilo si kwa vitabu tu. Katika nyumba yetu tumelea binti mwenye kifafa kikali. Alianza akiwa na umri wa miaka saba, kwa kuinamisha kichwa juu ya bakuli la uji, na mama yake alidhani ni usingizi. Mwezi uliofuata alianguka kisimani. Ndugu walitushauri tumpeleke kwa mganga wa mbali na tumtengee sahani. Tulimpeleka zahanati, na tukala naye sahani moja mbele ya ndugu hao, ili waone kwamba hatukufa. Kwa kidonge cha kila jioni, kuanguka kwake kulipungua, kutoka mara nne katika juma hata mara moja katika miezi miwili. Tulijenga jiko la udongo lililoinuka, tukamwekea kitanda cha chini, na kaka yake akawa mwenzi wake wa njia ya maji. Mwalimu mmoja alimrudisha nyumbani, akisema awatisha wenzake. Tulikwenda shuleni mara tatu, hata akapokewa.

Kisha, katika masika moja, barabara ilikatika na sanduku la dawa katika zahanati likawa tupu kwa majuma matatu. Katika juma la pili binti yetu alianguka asubuhi, na kabla hajazinduka akaanguka tena, na tena, hata jua likapinduka. Vijana wanne walimchukua kwenye machela katika matope mpaka hospitali. Alipona, lakini herufi alizokuwa amejifunza zilimtoka, akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Tangu hapo hatungoji kopo likae tupu: vidonge vikibaki vya majuma mawili, mtu wa nyumba yetu yuko njiani.

Sasa turudi kwa yale waliyoyaona wazee. Mwaka 1992 Daktari Rwiza na wenzake walitangaza uchunguzi wa vijiji 11 vya Ulanga, vyenye watu karibu 18,000. Walikuta kwamba katika kila watu 1,000 wapo wagonjwa wa kifafa kama 10; lakini katika kijiji kimoja walikuwa 5 tu, na katika kingine 37. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Wataalamu waliofuata wameona kwamba kifafa huzidi mahali penye usubi, yaani ule ugonjwa wa kuwashwa ngozi na kupofuka macho uletwao na nzi wadogo weusi wanaozaa katika mito iendayo kasi. Watoto wa nyumba moja huumwa na nzi wa mto mmoja. Ndiyo sababu ndugu walianguka mmoja baada ya mwingine, wala si mate yao. Degedege la malaria, tegu wa nguruwe na taabu za kuzaliwa huongeza wagonjwa vilevile.

Dawa ya usubi, iitwayo Mectizan, ilianza kugawiwa Mahenge mwaka 1997, mara moja kwa mwaka. Tangu 2019 ikagawiwa mara mbili kwa mwaka, na katika vijiji vilivyochunguzwa wagonjwa wapya wa kifafa wakapungua hata kuwa kama robo ya waliokuwa wakitokea kwanza. Basi yule anayejificha siku ya ugawaji kwa kuogopa kuwashwa ajue kwamba analinda nzi, halindi watoto.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, twawaomba mambo machache. Mtu aangukapo, msimkimbie: mvuteni mbali na moto na maji, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, wala msimfunge. Asipotulia kwa dakika tano, mpelekeni hospitali. Msiikate dawa kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu, maana nafuu hiyo yatoka katika dawa. Nanyi wenzetu makatekista, mnapozungukia nyumba za Wakristo na kuhesabu watoto wa mafundisho, ulizeni kama yuko mwingine ndani. Binti yetu alipokea Komunyo ya kwanza pamoja na wenzake, katika mstari mmoja nao. Katika vigango vyetu wako wengine ambao bado wanangoja nyuma ya mlango, na dawa yao iko Mahenge.